Siku Mbili Bila Jembe

Sisi watu wa Kanzenze tuna ziwa karibu, lakini ziwani hatuendi. Kanzenze ni moja ya kata za Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Barabara kuu inayotoka Kigali kupitia Musanze hupita kwetu, kwenye baridi na udongo mweusi wa volkano, kisha huteremka Mahoko, Nyundo na hatimaye Gisenyi, penye Ziwa Kivu. Kwa basi ni safari fupi. Hata hivyo, ukiniuliza ni majirani wangapi waliowahi kukaa kwenye mchanga wa Gisenyi bila kuwa na shughuli yoyote, nitawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vitabaki.

Darasani, tukipewa mada ya likizo ufukweni, kalamu zetu zote hukimbilia Zanzibar. Tunaandika Nungwi na Paje, mchanga mweupe, minazi na ngalawa, ingawa wengi wetu hatujawahi kuiona bahari. Si ajabu. Kiswahili kilikulia kando ya bahari, na maneno yake mengi yana chumvi. Mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda, maneno hayo yalipanda milima mpaka nchi isiyo na bahari. Chukua neno pwani. Linatokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa na kujaa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na halipwi wala kujaa namna hiyo. Kwa hiyo sisi tuna ufukwe, ila pwani hatuna.

Insha hii inahusu ufukwe wetu huo, na inamhusu mama yangu, aliyekaa hapo siku mbili mwezi wa Julai mwaka jana.

Mama alilijua ziwa kwa dirisha la basi. Kwa miaka mingi alikuwa akipeleka karoti na viazi Goma, upande wa Kongo, akivukia kwenye mpaka tunaouita Petite Barrière pamoja na maelfu ya wanawake wengine wenye mizigo kichwani. Alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Maji aliyoyajua vizuri zaidi yalikuwa ya Mto Sebeya, na hayo hakuyapenda. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu zaidi ya 120 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Sebeya ilifurika ikazoa nyumba na mashamba maeneo ya Nyundo, kisha ikamwaga kila kitu ziwani. Tangu hapo, mtu akisema "twende majini," mama alikuwa akikunja uso.

Safari yetu ilianzia kwenye maumivu ya mgongo. Mwezi wa Mei mgongo ulimkaza mama hata kuinama ikawa shida. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima, akampa dawa, akamwambia apumzike. Mama alirudi nyumbani akajilaza kwenye mkeka. Mbuzi akalia, akaamka kumpa majani. Mawingu yakajikusanya, akaamka kuanua maharage. Jirani akaja kuazima jembe, mama akaona afadhali aandamane naye akamwonyeshe pa kuanzia. Jioni alipoulizwa kama amepumzika alijibu kwa moyo safi: "Nimepumzika kutwa nzima."

Nilikuwa likizoni kutoka chuo na nililiona hilo kwa macho yangu. Nikaelewa kwamba muuguzi alisema kweli, lakini alichoagiza hakikuwezekana nyumbani. Kila kitu cha nyumbani kinamjua mama kwa jina na kinamwita. Baba yuko Kigali, ni mlinzi wa usiku, na huja mara chache. Mimi ndiye binti mkubwa. Nikimsaidia mama kazi tatu, yeye huanza ya nne. Dawa ya jambo hilo ilikuwa kumtoa pale.

Nilikuwa na faranga 60,000 nilizolipwa kwa kutafsiri vipeperushi kutoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili. Nilipomwambia mama kwamba nataka twende Gisenyi tukalale huko siku mbili, alizitazama zile pesa akasema, "Hizo ni mbegu za viazi." Baba alipopigiwa simu aliuliza kwanza, "Gisenyi kuna msiba gani?" Simlaumu. Kwetu mtu hulala nje ya nyumba yake kwa msiba, kwa harusi au kwa kulazwa hospitali. Kwenda kulala mahali ili upumzike tu ni jambo la wageni wanaoshuka kutoka kwenye magari marefu wakiwa na kofia pana.

Nilichomshindia mama ni methali. Nilimwambia kwamba Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa kumkumbusha mgeni asijisahau akageuka mzigo kwa mwenyeji. Lakini ukiigeuza upande wa pili, inatoa haki: siku mbili za kwanza hakuna mwenye ruhusa ya kukupa jembe. Mama alicheka. "Kumbe Waswahili walishahesabu," akasema. Akakubali siku mbili, na si saa moja zaidi. Mdogo wangu wa kiume akaachiwa mbuzi na maagizo marefu kuliko mkono.

Tulishuka Jumamosi mchana. Basi lilipoanza kuteremka kona za mwisho na ziwa likafunguka chini yetu, mama alilitazama kama siku zote, kwa upande, huku ameshika mkoba. Tulikwenda kwenye nyumba ndogo ya wageni, mwendo wa dakika kumi kutoka ufukweni. Hoteli kubwa zinazotazama maji tulizipita kwa nje.

Kesho yake alfajiri niliamka nikakuta kitanda cha mama kimeshatandikwa. Nilimkuta uani, anafagia. Mhudumu, dada wa umri wangu, alikuwa amesimama mbele yake amenyoosha mkono.

"Mama, naomba fagio langu."

"Wewe pumzika kidogo, mwanangu. Mimi nimeshaamka."

"Ukifagia wewe, mama, bosi ataniuliza mimi nalipwa kwa kazi gani. Kwako nani anafagia?"

"Mimi."

"Basi hapa ni mimi."

Mama alimrudishia fagio kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi ofisi. Hakuwa amefikiria kwamba kukaa kwake kunamlinda mwingine. Hata mimi sikuwa nimefikiria hivyo.

Ufukwe wa Gisenyi ni wa kila mtu. Haukuwa na mlango wala tiketi. Jumapili ile ulikuwa umejaa. Vijana walicheza mpira kwenye mchanga, watoto waliogelea na madumu ya plastiki, bwana na bibi harusi walipigwa picha chini ya miti. Upande wa kulia majengo ya Goma yalionekana karibu, na nyuma yake Nyiragongo, mlima ule ule uliotema moto Mei 2021 na kuwafanya watu wa Goma wakimbilie kwetu. Mama alitandika kitenge, akakaa pembeni kabisa, miguu imenyooka, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa ndani na karani.

"Sasa tunafanya nini?" akauliza.

"Tunakaa."

"Mpaka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia mpaka tutakapochoka kukaa. Akaniuliza kama majini mna mamba. Nikamwambia Ziwa Kivu halina mamba wala viboko. Ikapita karibu saa nzima ndipo alipovua viatu, akaenda mpaka maji yalipomfika kwenye vifundo vya miguu, akasimama pale bila kusema neno. Aliporudi aliuweka mkoba chini kwa mara ya kwanza.

Halafu akaanza kuzungumza. Nyumbani mama huongea akiwa amenipa mgongo, mikono iko kwenye sufuria au kwenye maganda ya maharage, na maneno yake mengi ni maagizo. Siku ile alinieleza habari za shule aliyoiacha darasa la tano ili alee wadogo zake, na kwamba alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Nina miaka ishirini na miwili na sikuwahi kulisikia hilo. Si kwamba alinificha. Halikupata nafasi ya kusemwa.

Pale ndipo nilipoyafikiria maneno tunayojifunza kwa haraka ili tufaulu mtihani. Kupumzika kwa Kiswahili kuna pumzi ndani yake: ni kuirudisha pumzi iliyokukatika. Kinyarwanda chetu husema kuruhuka, na ndani yake kuna kuruha, yaani kutaabika. Kuruhuka ni kuifungua taabu, kama unavyofungua fundo. Kifaransa, kilichotuachia neno tunalolitumia shuleni, husema vacances, na asili yake ni utupu, siku zisizo na kitu. Nilimweleza mama yote matatu. Alichagua la kwetu. "Utupu siutaki," akasema. "Lakini fundo ninalo."

Nisilifanye ziwa kuwa malaika. Chini kabisa ya maji hayo, katika kina kinachokaribia mita 480, kuna kilomita za ujazo takriban 300 za kaboni dayoksaidi na takriban 60 za methani. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, karibu na Karongi, umekuwa ukivuta methani hiyo na kuigeuza umeme wa megawati 26. Na kwenye mabonde madogo ya upande wa Goma na Gisenyi, hewa nzito hutoka ardhini ikajikusanya na kuua mbuzi, hata watu. Wenyeji huiita mazuku, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo la Kiswahili kama lilivyo. Mama alilijua tangu enzi za biashara yake Goma. Mahali panapompa mtu pumzi panaweza pia kuikata.

Jioni wavuvi wa sambaza walitoka. Mitumbwi yao huenda mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, na hupigwa kasia kwa nyimbo. Tulikuwa tumenunua sambaza za kukaanga, samaki wadogo ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika. Mama aliwatazama wavuvi mpaka taa zao zikawa nukta, kisha akasema, "Sisi tunakula, wao ndiyo kwanza wanakwenda kazini."

Nilimweleza nilichosoma kuhusu Paje, Unguja. Maji yanapopwa na mchanga kubaki wazi, wageni hulala juani, na pale pale mbele yao wanawake huinama wakifunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoanza kuenea huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Ufukwe ni ule ule: kwa mmoja ni likizo, kwa mwingine ni shamba. Mama aliuliza swali moja tu: "Na hao wa mwani, wao wanakwenda kupumzikia wapi?"

Swali hilo limenikaa kichwani kuliko mambo yote ya siku zile. Matangazo ya utalii huuza mchanga, bahari na minazi, kana kwamba hivyo ndivyo vinavyompumzisha mtu. Naamini sivyo. Kinachompumzisha mgeni wa Paje ni kwamba shamba lake haliko pale. Mfuma mwani hawezi kupumzika Paje, kama mama asivyoweza kupumzika Kanzenze, hata pawe pazuri kiasi gani. Kila mtu anahitaji mahali ambapo jembe lake halipo na ambapo fagio lina mwenyewe. Mahali hapo si lazima pawe kisiwa wala pawe mbali. Kwetu ni safari fupi ya basi. Kilichotuzuia miaka yote si umbali, na kwa siku moja si hata pesa. Ni kwamba mwanamke anayekaa tu bila kazi hana jina zuri katika kijiji chetu, na yeye mwenyewe wa kwanza hujiita mvivu.

Jumatatu, siku ya tatu, tulirudi, na mama akashika jembe saa tisa mchana. Mgongo haukupona kwa siku mbili. Bado anakwenda kituo cha afya. Mbegu tulinunua chache kuliko tulivyotaka, na hilo lilionekana shambani.

Lakini katika kikundi chao cha akiba, wanawake kumi na wanane wanaokutana kila Alhamisi, mama aliomba nafasi ya kusema akawaeleza habari za ufukwe. Waliniambia alieleza hata habari ya fagio. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza nauli. Sasa wamefungua daftari la pili, kila mtu faranga 200 kwa wiki, na wamepanga kushuka Gisenyi wote siku moja baada ya mavuno. Jambo moja tu limewashinda mpaka leo, na hulijadili kila Alhamisi bila kulimaliza: siku hiyo, mbuzi watabaki na nani?