Njombe: Baridi Inayoumbua Magari ya Dar

Msomaji wangu, ukitaka kujua gari lako ni zima au linajikaza tu kiume, usihangaike. Lipeleke Njombe mwezi wa saba, lilaze nje usiku mmoja, kisha saa kumi na mbili asubuhi liambie liamke. Hapo ndipo utakapojua mbivu na mbichi!

Kutoka Dar ni safari ya kilomita zipatazo 700. Unakatiza mbuga ya Mikumi, unapanda Kitonga nyuma ya lori linalotambaa kama konokono, unaipita Iringa, unaambaa na misonobari ya Sao Hill pale Mafinga. Ukifika njia panda ya Makambako unaiacha barabara ya Mbeya na kukata kushoto. Kilomita kama 60 hivi, umefika. Mji umekaa vilimani, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa wake wenyewe baada ya kutengana na Iringa. Wenyeji watakupokea kwa "Kamwene!", viazi vya moto na chai. Halafu inakuja baridi. Juni na Julai kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Si mchezo!

Alfajiri ya Njombe ina muziki wake. Kwanza jogoo, halafu stata. Nyee... nyee... nyee... kimya. Huyo mara nyingi ni mgeni kutoka joto la Pwani, na jambo la kwanza analosema ni, "Betri imekufa!"

Taratibu, ndugu yangu. Baridi inafanya mambo mawili kwa mpigo. Dawa iliyomo ndani ya betri inakuwa nzito kufanya kazi, na hali ya hewa ikifika kwenye kuganda, nguvu ya kuzungusha injini inapungua kwa karibu theluthi. Wakati huohuo oili nayo inakuwa nzito kama uji uliolala, kwa hiyo injini inataka nguvu zaidi. Nguvu imepungua, mzigo umeongezeka! Ubovu ambao Dar ungejificha mwaka mzima, Njombe unatoka hadharani asubuhi moja.

Kwenye gereji moja ya pale mjini nilimkuta mfanyabiashara wa viazi na pikapu yake ya diseli. Stata ilikuwa inavuta kama mgonjwa. Magunia yako juu, mnunuzi anangoja Makambako, na jamaa ameshaanza kuhesabu hela za betri mpya, hela ambazo zilikuwa za mbolea. Fundi, mzee mwenye kofia ya sufu, hakuigusa hata betri.

"Washa taa kubwa, kijana wangu. Sasa piga stata."

Taa hazikufifia sana, lakini stata ilizidi kulalama. Fundi akasema umeme upo, ila haufiki. Akashika waya mnene wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi. Wa moto!

"Pangekuwa pasafi pasingechemka," akasema.

Akafungua. Kutu tupu! Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati, akapaka grisi. Stata ikapigwa, pikapu ikanguruma. Hela ya mbolea ikabaki mfukoni.

Somo ni hilo. Kabla hujanunua kitu, sikiliza gari linavyolalamika. Stata ikizunguka kwa uvivu, shida ni umeme, oili au stata yenyewe. Taa zikizimika kabisa ukipiga stata, shuku betri au vichwa vyake. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye magadi, piga brashi, kisha rudisha hasi mwisho. Sigara weka mbali, betri inatoa hewa inayolipuka.

Mwenye mita ya umeme mambo ni rahisi zaidi. Betri nzima iliyolala inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12, altaneta haichaji, na betri mpya utakayonunua nayo itakufa vilevile.

Lakini stata ikizunguka kwa kasi na gari haliwaki, iache betri ya watu! Hapo angalia mafuta na moto. Kwa diseli, washa swichi na usubiri ile taa ya njano yenye alama ya koili izime ndipo upige stata. Hizo ni plagi za kupasha moto, zikiungua asubuhi utasukuma. Kwa petroli, kagua plagi za kawaida na chujio la mafuta.

Na oili je? Soma kopo. Namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo ya baridi, na ikiwa ndogo oili ni nyepesi asubuhi. Anayetumia 20W-50 Dar asishangae Njombe. Kitabu cha gari kikiruhusu 10W au 15W, chukua hiyo.

Onyo moja, na hili si la utani. Usiwashe jiko wala moto chini ya injini kuipasha, na usiache gari linawaka ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake unaua kimyakimya, hata harufu huwezi kuisikia vizuri.

Kwa hiyo ukipanga safari ya Njombe, beba sweta, beba brashi ya waya, na fungua boneti ungali Dar. Dakika kumi za kukagua waya ni bei rahisi kuliko betri. Ukifika salama, kunywa chai ya pale taratibu. Gari likiwaka mara moja, wenyeji watakuona na wewe ni wa kwao!