Mbio za Uwanjani na Mbio za Mezani

Mtu atokaye Ikuti kwenda Tukuyu kwa miguu hawezi kujidanganya juu ya pumzi zake. Vilima vya Rungwe havina huruma, na mvua, ambayo kwetu hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, huufanya udongo uteleze kama mlenda. Katika njia hiyo ndipo tulipojifunza, tungali watoto wa shule ya msingi, kwamba mbio hazina ubishi: aliyetangulia ametangulia, na kila mwenye macho amemwona. Tulikawia sana kutambua kwamba zipo mbio za pili, zikimbiwazo mezani kwa fomu, vifungu vya katiba na kura, na kwamba mshindi wa hizo ndiye aghalabu aamuaye nani aende kukimbia zile za kwanza. Tunaziandika kurasa hizi kwa sababu mbio hizo za pili tulipata kuzishinda sisi wenyewe, nasi hatukustahili.

Mwaka 1980 tulikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Watu wazima kijijini walizungumza juu ya Moscow kana kwamba ni mji ulio nyuma tu ya mlima Rungwe. Filbert Bayi, askari kijana aliyeishangaza dunia kule Christchurch mwaka 1974 kwa kukimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, safari hii alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mwendo mrefu, akapitwa karibu na mwisho na Malinowski wa Poland, akapata medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Yifter wa Ethiopia. Mpaka tunapoandika haya, medali hizo mbili ndizo pekee ambazo taifa letu limepata katika Michezo ya Olimpiki. Na katika michezo hiyohiyo Mwingereza mmoja, Sebastian Coe, alishinda mita 1,500.

Nani angalidhani kwamba wote watatu wangekuja kukaa nyuma ya meza? Bayi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Nyambui alipata kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha nchini. Coe alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la riadha la dunia mjini Beijing tarehe 19 Agosti 2015, kwa kura 115 dhidi ya 92 za Sergey Bubka, ambaye naye alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kuruka kwa upondo. Siku ile kila nchi mwanachama ilikuwa na kura moja, ya Tanzania ikiwa na uzito sawasawa na ya Marekani. Jambo hilo lina heshima yake, wala hatulidharau. Lakini kura ile ilikuwa ya chama, si ya mkimbiaji. Mkimbiaji alikuwa mahali pengine, akikimbia.

Turudi Ikuti. Alikuwako ndugu yetu mmoja, ametuzidi miaka michache, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa yu hai na hakutuomba tumtaje. Alimaliza darasa la saba, akabaki shambani kwao kwenye migomba na chai. Alikimbia peku. Aliitwa mara kadhaa kwenda kuliwakilisha eneo letu katika mashindano, na mara moja, baada ya kushinda, aliachwa stendi ya mabasi bila nauli, kwa sababu mwenye fedha alikuwa amekwisha kuondoka na gari. Akarudi nyumbani siku ya tatu. Kikombe alikuwa nacho.

Katika miaka ya tisini mwishoni iliundwa kamati moja ya kusimamia mbio upande wetu. Sisi tulikuwa vijana wenye cheti cha kidato cha nne, tumeajiriwa serikalini, tunaandika mwandiko mzuri na mashairi mawili matatu yametoka gazetini. Tukaombwa kuandika katiba. Tuliiandika kwa furaha kubwa, na katika kifungu cha sifa za viongozi tukaweka kwamba mgombea wa ukatibu awe na elimu isiyopungua kidato cha nne. Hatukukitunga kifungu hicho. Vyama vingi vya michezo vilikuwa na sharti la namna hiyo, nasi tulinakili. Ndivyo tulivyojiambia. Ukweli ni kwamba tulikwisha kusikia kuwa ndugu yetu yule anautaka ukatibu, na sisi pia tuliutaka.

Siku ya uchaguzi alikuja na viatu vilivyong'arishwa. Fomu yake ilirudishwa kabla ya kura. Akasimama, akauliza swali moja tu: kati ya waliokaa pale mbele, nani alipata kulala stendi akisubiri nauli ya kurudi kwao? Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti alisema swali lile haliko kwenye ajenda, nasi, kwa mkono huu, tukaandika katika muhtasari kwamba mjumbe aliuliza swali lisilo kwenye ajenda.

Tulikuwa katibu miaka sita. Hesabu zetu zilikuwa safi, barua zilijibiwa, mihuri ilipigwa mahali pake. Katika miaka hiyo hakuna mkimbiaji hata mmoja wa Ikuti aliyefika mashindano ya taifa, na hatukumbuki kikao hata kimoja tulichouliza kwa nini.

Msomaji asituelewe kwamba tunadai kila aliyepata kukimbia akabidhiwe ofisi. Lamine Diack wa Senegali alikuwa mrukaji hodari wa mruko mrefu ujanani. Akaongoza shirikisho la dunia tangu 1999 hadi 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Paris ikamtia hatiani kwa rushwa iliyohusu kuficha wakimbiaji waliotumia dawa. Kipchoge Keino, baba wa wakimbiaji wa Kenya, aliiongoza kamati ya Olimpiki ya nchi yake mpaka mwaka 2017, na miaka yake ya mwisho ikatiwa doa na lawama za maandalizi ya Michezo ya Rio. Aliyempokea, Paul Tergat, alikuwa mkimbiaji pia. Mguu mwepesi haumpi mtu mkono safi. Lakini mwandiko mzuri nao haumpi, na hili ndilo tulilochelewa kulikiri.

Wakenya walilisema kwa namna yao. Mwezi Novemba 2015 wanariadha waliyafunga malango ya Riadha House mjini Nairobi, wakawazuia viongozi kuingia ofisini, wakidai waondoke kwa tuhuma za fedha. Kabla mwezi haujaisha, viongozi watatu walikuwa wamesimamishwa na tume ya maadili ya shirikisho la dunia. Wengine waliwaita wakimbiaji wale wahuni. Sisi tuliposoma habari ile tulimkumbuka mtu mwenye viatu vilivyong'arishwa, tukafikiri: yeye angaliweza kulifunga lango letu, nasi tungaliandika nini katika muhtasari?

Wazee wetu Wanyakyusa walilijua tatizo hili la kukabidhiana. Walikuwa na desturi iliyoitwa ubusoka. Vijana walikwisha kujenga vijiji vyao kwa marika, mbali na baba zao. Na mara moja katika kila kizazi nchi ilikabidhiwa kwao. Mioto ya zamani ilizimwa majumbani, ukapekechwa moto mpya. Wala vijana hawakuachwa waokote wakuu wa vijiji njiani: wakuu wa kizazi cha baba ndio waliowatazama na kuwachagua, kisha wakasogea pembeni. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20, nasi hatuililii yote, maana haikumfikiria msichana hata kidogo. Tunachokumbuka ni kwamba mzee hakuruhusiwa kubaki na kijinga kimoja cha moto wa zamani.

Hatukujiandaa kwa lililofuata. Mwaka 2025 ulikuwa wa furaha: mwezi Machi mwogeleaji wa Zimbabwe, Kirsty Coventry, alichaguliwa kuiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza, na Coe akiwa miongoni mwa aliowashinda, kisha mwezi Septemba Alphonce Simbu akashinda marathoni ya dunia kule Tokyo, akimtangulia Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani chini ya kupepesa jicho. Ikuti nzima ilipiga vigelegele. Katika shangwe hizo ndugu yetu alitufuata nyumbani, kichwa chake kimejaa mvi kama chetu. Alikuja na binti yake, mkimbiaji, aliyekomea kidato cha pili.

Tangu siku ile ya uchaguzi hajaacha kutuita Ndugu Katibu, na hatujapata kusikia kejeli katika sauti yake. Alisema, "Ndugu Katibu, tunasikia kamati itaundwa upya, na kwamba umeombwa tena kuandika katiba. Huyu mtoto anataka kugombea. Tumekuja kuuliza kile kifungu."

Tuliingia ndani tukaleta daftari la zamani. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi, lakini mwandiko ulisomeka bila taabu. Tukampa binti kalamu akifute yeye. Akatutazama, akamtazama baba yake, kisha akasema angependa kwanza kuisoma katiba yote. Akakaa barazani akaisoma mpaka giza likaingia, na alipofika kwenye kifungu cha wapiga kura akauliza kwa nini wakimbiaji hawamo.