Bangili ya Saba

Kitabu changu cha kwanza kilizinduliwa chumbani kwa Mama, Mji wa Kale, Mombasa, kompyuta ikiwa imewekwa juu ya sanduku lake la nguo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 20 Juni 2020, saa kumi za jioni.

Tulikuwa tumepanga kukizindua Aprili, ukumbini, kwa kahawa na halua na viti 100 vya kukodi. Lakini mwanzoni mwa Aprili serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka kaunti ya Mombasa kwa sababu ya korona, na Mei mtaa wetu wenyewe ukafungwa kwa mwezi mzima. Mhariri wangu akasema, "Basi tutumie Zoom."

Sikushangaa. Tangu Machi mwandishi Zukiswa Wanner alikuwa ameanzisha Afrolit Sans Frontières, tamasha la waandishi wa Kiafrika lililofanyika Facebook na Instagram, nami nililifuata nikiwa kitandani wakati kafyu imetufungia ndani. Niliwaona waandishi wakisoma kutoka majumbani mwao, nikajiambia, kumbe yawezekana.

Tulitumia Zoom ya bure, ile inayowakata watu baada ya dakika 40. Mpango ulikuwa kusoma kwa kiungo cha kwanza, kisha watu waingie kwa kiungo cha pili kuuliza maswali. Viungo vyote viwili nilivituma katika kundi la WhatsApp la familia. Sikufikiri mara mbili. Ukumbini ningejua nimemwalika nani. Kiungo hutumwa na yeyote kwa yeyote.

Dakika tano kabla ya kuanza, shangazi yangu aliniandikia: "Na babako nimempelekea. Yumo."

Niliangalia orodha ya waliohudhuria. Walikuwa watu 43. Wengi waliandika majina yao, ila mmoja alionekana kwa jina la simu tu, herufi na tarakimu, picha imezimwa.

Baba alikwenda Muscat kutafuta kazi nilipokuwa na miaka minane. Miaka miwili ya mwanzo alituma pesa, na kanda alizorekodi sauti yake, ambazo tulizisikiliza sote tukiwa tumeizunguka redio. Kisha pesa zikakoma, na kanda zikakoma. Tukasikia ameoa huko. Zilibaki simu za Idi, mbili kwa mwaka, za kuulizana hali.

Katika kitabu changu mna kisa kuhusu miaka hiyo. Aya moja inaeleza jinsi Mama alivyouza bangili zake sita za dhahabu, moja baada ya nyingine, nipate karo ya sekondari. Ndiyo aya niliyoitaabikia kuliko zote. Niliiandika bila kuogopa kwa sababu kitabu kilichapwa nakala 500, Mombasa. Kingemfikia vipi mtu aliye Muscat?

Mhariri alinikaribisha. Nikaanza kusoma kisa hicho, kwa kuwa ndicho kilichotangazwa. Mama alikuwa ameketi kitandani, mahali kamera haifiki, nakala yake mapajani, akifuata kwa kidole. Nilipofika kwenye bangili, macho yalikwenda kwenye lile jina la simu. Nikageuza ukurasa. Niliendelea kusoma habari za shule kana kwamba karo ilijilipa yenyewe.

Hakuna aliyetambua. Watu waliandika hongera na mashallah. Dakika 40 zilipotimia, skrini ikafunga katikati ya sentensi ya mhariri.

Kidole cha Mama kilikuwa bado kwenye ile aya. "Umeruka," alisema.

"Ni muda tu, Mama."

"Umeruka," alirudia, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimemsitiri mtu aliyeondoka, nikamfuta aliyebaki, tena mbele yake.

Kiungo cha pili kilirudisha watu 26. Ile simu ilikuwamo. Mtu aliuliza ni sehemu gani ilikuwa ngumu kuandika. Nikasema kuna aya niliyoiruka, na kama wataniruhusu nitaisoma sasa. Niliisoma polepole. Sauti ilinikatikia mara moja, nikaanza tena sentensi. Nilipomaliza hapakuwa na makofi, maana vipaza sauti vilikuwa vimezimwa, na sikujua kama watu wamenyamaza kwa kuguswa au kwa mtandao.

Tukaagana. Mhariri alikuwa ameniachia usimamizi wa kikao, akatoka. Majina yakatoweka moja moja hadi likabaki lile la simu. Zilikuwa zimesalia dakika tisa.

"Hodi," sauti ikasema.

"Karibu, Baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akakohoa. Nilisikia feni ikizunguka upande wake. "Umesoma vizuri. Lakini bangili hazikuwa sita. Zilikuwa saba."

Nilidhani anataka kubishana. Nikajiandaa.

"Moja niliiuza mimi," alisema. "Ilikuwa nauli ya kuja huku. Niliichukua sandukuni sikumwambia. Niliahidi moyoni nitamletea mbili."

Kompyuta ilikuwa juu ya sanduku hilohilo. Nilimtazama Mama. Kwa miaka yote alinihadithia bangili sita. Hakusogea mbele ya kamera.

"Mwambie nilijua," alisema. "Nilijua siku ileile."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Alikuwa amesikia. Tulikaa watatu bila neno, feni ikizunguka Muscat, hadi Zoom ikatukata.

Siku ile tuliuza nakala tisa. Mwaka uliofuata, tulipotoa toleo la pili, tulipata ukumbi, viti, kahawa na halua, na jioni moja tu tuliuza mara kadhaa ya hizo. Nilifurahi kusikia makofi ya mikono ya kweli. Wanaosema uzinduzi wa mtandaoni ulikuwa wa kubahatisha hawakosei: sauti hukatika, bando huisha, kitabu hakiguswi. Lakini ukumbini walikuja waliokuwa na nauli, na waliokuwa na uso wa kuja. Baba hangekuja. Hata ndege zingekuwa zinaruka, hangeweza kupita mlangoni mbele ya watu, akamwona Mama ameketi safu ya mbele. Kwa jina la simu, picha imezimwa, aliweza.

Kabla toleo hilo halijapelekwa kiwandani, mhariri aliuliza kama kuna la kusahihisha. Nikamuuliza Mama kama niandike saba.

"Acha sita," alisema. "Hiyo ya saba ilikuwa yake kuisema, na ameshaisema."