Kabla ya Kupaka Rangi

Makala haya yanawahusu wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha. Nia yake ni kuonyesha jinsi kazi ya nyumbani, yaani kuifufua baiskeli kuukuu, inavyoweza kumkumbusha mwalimu jambo la msingi: hapana budi kukichunguza kilichopo kabla ya kukiongezea kipya.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix nyeusi, iliyotengenezwa nchini China. Marehemu baba aliinunua mwaka 1986 baada ya kuuza tumbaku. Ilibeba mahindi, maji, wagonjwa, na sisi watoto. Pikipiki zilipoenea mjini Mpanda, iliachwa nyuma ya nyumba yetu ya Nsemulwa, ikanyeshewa misimu kadhaa. Siku mnunuzi wa vyuma chakavu alipofika na mizani yake, mama alikataa kuiuza. Aliniagiza niitengeneze wakati wa likizo.

Msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu wa Darasa la Tano. Huyu alikwisha kuambiwa mara nyingi kuwa hesabu zimemshinda, naye alikwisha kuamini.

Tulianza kwa kuifungua, tukivipanga vipuri juu ya gunia kwa utaratibu ule ule wa kuvitoa. Pedali ya kulia ilifunguka bila taabu. Ya kushoto ilikataa. Kijana alitaka kuongeza nguvu. Nilimwomba aache nguvu na afikiri njia nyingine. Baada ya kitambo akaigeuza spana upande wa pili, pedali ikalegea. Alipozilaza pedali mbili pamoja, aliona mwenyewe kuwa nyuzi za skrubu zake zimechongwa kwa kuelekea pande tofauti. Hapo ndipo nilipomweleza kuwa ya kushoto huchongwa kinyume ili mwendo wa miguu usiilegeze. Maelezo hayo yalichukua nusu dakika, kwa kuwa swali lilikwisha kuwa lake.

Gololi tulizilowesha katika mafuta ya taa, tukazifuta, tukazipaka grisi mpya. Fremu tuliisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni palipo na unyevu; ukiifunika kwa rangi bila kuiondoa, huendelea kula chini kwa chini mpaka rangi ibanduke. Kwa hiyo tulitumia siku tatu kusugua, na saa chache tu kupaka: kwanza rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeusi mara mbili, kila mkono ukiachwa ukauke.

Tulipofika kwenye madigadi ya nyuma, mama alitusimamisha. Pale palikuwa na herufi mbili za jina la baba, alizoziandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, zimepinda kidogo. Mama akasema, "Mwanangu, ukizifuta hizo, utakuwa umenirudishia baiskeli ya mtu mwingine." Tuliisafisha sehemu hiyo kwa kitambaa chenye mafuta, tukaiacha kama ilivyo.

Baiskeli ilipokamilika, nilimwuliza kijana: ukikanyaga duru moja, tairi la nyuma huzunguka mara ngapi? Akajibu pale pale, "Mara mbili na kidogo, Mjomba." Hakuna aliyemfundisha, alijua kwa kuendesha baiskeli za wenzake. Basi tukakitafuta hicho "kidogo". Alihesabu meno 48 mbele na 20 nyuma, akagawanya, akapata 2.4. Kwa uzi na rula alipima mzingo wa tairi, akapata sentimita 220. Akazidisha, akapata 528. Tukachora mstari ardhini, tukaisukuma baiskeli kwa duru moja ya pedali, tukapima: mita 5 na sentimita 28, ikipungua kidogo tu. Alirudia kipimo hicho mara tatu bila kuagizwa na mtu.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilisisitiza kuwa masomo na kazi visitenganishwe. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kuwa kazi peke yake haifundishi. Hufundisha pale mwalimu anapojua mtoto amekuja na nini. Baadhi ya aliyokuja nayo ni kutu, kama ile imani kuwa hesabu zimemshinda. Hiyo haifunikwi kwa sifa, huondolewa kwa kazi ya subira. Mengine ni kama zile herufi za baba: maarifa ya nyumbani, yaliyopinda kidogo lakini ya kweli, ambayo mwalimu mwenye haraka huyapaka rangi na kuyapoteza.

Kwa hiyo, mwanachuo, utakapoandaa somo lako la kwanza, tenga dakika tano za mwanzo kwa swali moja ambalo watoto wanaweza kulijibu kutokana na maisha yao. Yaandike majibu yao ubaoni kwa maneno yao wenyewe, na kanuni ya kitabuni ije baadaye.