Maneno Bila Sauti, Sauti Bila Maneno

Anayeanza kutengeneza biti huambiwa mapema kwamba programu ni jembe tu, na kwamba hodari ni mkulima. Kauli hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, nilipohama kutoka FL Studio kwenda Ableton Live hapa Jeddah, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kujifunza usiku, zamu ya ghala la bandarini ikishakwisha, niliona kwamba jembe nalo huuzoesha mkono.

FL Studio ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Ukiifungua unakutana na safu ya vitufe 16, vimepangwa vinne vinne. Unabonyeza, ngoma inalia. Asiyejua noti hata moja hupata biti kabla chai haijapoa. Mdogo wangu aliyeko Unguja ndiye aliyenifunza kwa simu. Yeye aliweka besi, mimi nikajaza ngoma, na kila wiki faili likavuka bahari likiwa zima, kila kitu kimo mahali pake.

Nilihama kwa sababu ya watu. Vijana wa hapa niliowapata wa kupiga nao, mmoja wao Myemeni mpiga udi, walikuwa wakitumia Live, programu iliyotoka Berlin mwaka 2001 na iliyokusudiwa jukwaa tangu mwanzo. Tangu tamasha la Soundstorm lianze Riyadh mwaka 2019, jukwaa si ndoto ya mbali tena kwa kijana wa nchi hii, na mgeni anayetaka kushiriki hana budi kukaa kwenye mkeka wanaokalia wenyeji.

Hapo ndipo nilipojua gharama yake. Mradi uliohifadhiwa katika programu moja haufunguki katika nyingine. Noti zaweza kuvushwa kwa MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya umeme tangu mwaka 1983, lakini ala iliyozitamka hubaki nyuma. Au waweza kuvusha sauti yenyewe, kila ala na faili lake, lakini noti zilizomo haziguswi tena. Ama unabeba maneno bila sauti, ama sauti bila maneno. Wasomi wa fasihi simulizi wanaijua hali hii. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zilirudi na sauti yake; mazungumzo ya mazoezini, ambamo kila wimbo uliundwa, hayakuingia ndani ya sahani.

Jambo la pili lilikuja kupitia udi. Yule Myemeni alipopiga maqam ya rast, noti yake ya tatu ilikaa kati ya vitufe viwili vinavyofuatana vya kinanda chango, wala sikuwa na pa kuiweka. Sauti hiyo haikuwa ngeni kwangu. Fidla na ganuni za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoundwa Zanzibar mwaka 1905, zimetulea nayo. Toleo la 12 la Live, la mwaka 2024, linaruhusu kinanda kizima kipangwe kwa mizani nyingine ya sauti, na usiku huo tulikipanga upya. Ni kweli kwamba programu ya zamani nayo ina njia zake za kupinda noti. Lakini mtu aliyezoea nyumba haulizi kwa nini mlango uko upande ule. Huuliza akiwa mgeni.

Mdogo wangu hajahama, wala simshawishi. Sasa hunitumia vitu vitatu: noti kwa MIDI, sauti iliyokamilika, na ujumbe wa simu wa dakika mbili tatu unaoeleza alichokusudia. Zamani ujumbe huo haukuwapo, kwa kuwa faili lilitutosha. Wiki iliyopita nilimuuliza kwa nini pigo la tatu la besi linachelewa kidogo kila mara, nikidhani limeharibikia njiani. Akacheka. Akasema amelichelewesha kwa makusudi: bibi yetu na jirani yake walipokuwa wakitwanga pamoja, mchi wa jirani ulikuwa ukichelewa vivyo hivyo.