Utambi Unapoanza Kujila

Kibatari cha mama yangu hakikuwa na desturi ya kuzimika ghafla. Mafuta ya taa yakipungua, mwali uligeuka mwekundu, ukatoa moshi, kisha tukasikia harufu ya pamba inayoungua. Hapo mama alisema, "Zimeni. Utambi umeanza kujila." Tukalala, hesabu za shule zikiwa nusu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kijijini Handeni. Duka la ushirika lilimaliza wiki bila tone la mafuta. Lori la kuchukua mahindi lilikuja mara moja tu msimu mzima, na yaliyobaki ghalani yakawa chakula cha fukusi. Shangazi aliyeishi Dar es Salaam alitusimulia kwamba huko Jumapili ikigonga saa nane mchana, gari binafsi huegeshwa kwa amri ya serikali. Sisi tulicheka. Gari lenyewe tungelipata wapi?

Nilipokua ndipo nikajua moshi wa kibatari chetu ulitoka wapi. Oktoba 1973, wakati wa vita vya Waarabu na Israeli, nchi za Kiarabu zilipunguza uzalishaji na kuinyima Marekani mafuta. Kufikia Januari 1974, pipa lililouzwa karibu dola 3 lilikuwa limekaribia dola 12. Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yakapandisha bei tena, nayo Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye vita vya Kagera. Fedha za kununulia mafuta zilitoka kwenye pamba, kahawa na katani, na ikawa mkulima anatoa magunia mengi zaidi kwa pipa lile lile. Marekani walipanga foleni vituoni. Handeni tulizima taa.

Tangu hapo najua kwamba mafuta hayataisha duniani kwa siku moja. Yatakuwa yanapanda bei, na kila yanapopanda kuna mtu ambaye kwake yameshakwisha. Juni 2022 Sri Lanka ilisimamisha kuuza mafuta kwa magari binafsi. Visima vya dunia vilikuwa havijakauka. Nchi ndiyo iliyoishiwa dola. Mwaka huo huo lita ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000, na kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu alinidai nauli mpya huku ameinamisha macho, kana kwamba vita vya Ukraine amevianzisha yeye.

Wapo wanaosema hofu hii ya mafuta kwisha ni ya kale. Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, alitabiri kwamba uzalishaji wa nchi yake ungefika kileleni karibu na mwaka 1970. Ukafika mwaka huo huo, ukaanza kushuka. Karibu miongo mitano baadaye, mbinu ya kupasua miamba ikaupandisha hata kupita kilele kile. Ni kweli, ila mafuta ya kupasuliwa mwamba hayana urahisi wa yale yaliyobubujika yenyewe. Anayekwangua sufuria bado anakula, lakini anajua chakula kimefika wapi.

Kuba ilijifunza kwa kuchelewa. Umoja wa Kisovyeti ulipoanguka mwaka 1991, mafuta ya bei nafuu yalikatika. Trekta zikasimama, ng'ombe wakarudishwa kwenye majembe, baiskeli zaidi ya milioni moja zikaagizwa China, na viwanja vya Havana vikalimwa mboga. Waliokoka, lakini wamekonda.

Mama naye alibadilika, ila hakungoja njaa imfundishe. Baada ya wiki chache za giza alihamisha kazi zote za macho ziwe kabla ya jua kuzama: maharage yachaguliwe saa tisa, madaftari yafunguliwe saa kumi. Kibatari kikabaki cha dharura. Ninapoipanda treni ya umeme inayokwenda Dodoma tangu mwaka 2024, humkumbuka yeye, maana hiyo nayo ni kazi iliyofanywa jua lingalipo.

Nasi, kila mmoja katika nyumba yake, tujiulize ni safari ipi, mlo upi na kazi ipi itakwama siku lita itakapopanda maradufu. Kisha tuanze na hiyo, leo, kabla pamba haijanuka.