Moshi wa Barabarani na Kifua cha Bi Harusi

 

Leo hatuzungumzii singo wala hina. Tunazungumzia hewa. Sisi ni mafundi cherehani watatu wa Ikungi, mkoani Singida. Tuko mbali na bahari yenu, lakini tunashona mashela na magauni ya nikaha kama mafundi wa huko. Fremu yetu ilikuwa ukingoni mwa barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Malori usiku na mchana, mabasi, bodaboda.

Tuliligundua jambo hili kwenye nguo. Kitambaa cheupe kikilala mezani bila kufunikwa, asubuhi ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Vumbi letu la Singida ukilikung'uta linatoka. Hili jeusi lina mafuta, ukilisugua linazidi kuenea. Tukajiuliza: ikiwa shela linakuwa hivi kwa usiku mmoja, vifua vyetu je, vinavyokaa pale masaa 10 kila siku? Mwenzetu mmoja ana pumu tangu utotoni, na kiangazi upepo wa huku hauna mchezo. Usiku alikuwa halali kwa kubanwa. Mwingine alikuwa mjamzito.

Moshi wa gari una chembe ndogo mno, zisizozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja ni kama mikromita 70. Pua haizizuii. Zinashuka mpaka ndani ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana madhara yake yanafika hadi moyoni. Kwa mjamzito, hewa chafu inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya siku zake. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Na London, mwaka 2020, mahakama ya uchunguzi wa vifo ilitamka kuwa hewa chafu ilichangia kifo cha mtoto Ella Kissi-Debrah, mwenye pumu, aliyekuwa akiishi karibu na barabara yenye magari mengi. Alikuwa na miaka 9.

Basi tukahama. Tumeingia uchochoroni, nyumba kadhaa nyuma ya barabara. Hatutawaficha: wateja wa kupita njia wamepungua, na miezi ya mwanzo kodi ilitutoa jasho. Lakini mwenzetu sasa analala, na mtoto wa yule mwingine amezaliwa salama, alhamdulillah. Riziki iko kwa Allah, na afya ni amana.

Kwa wale wasioweza kuhama:

1. Meza na kitanda cha mtoto viwe upande wa nyuma, mbali na barabara. Kila unavyosogea mbali, moshi unapungua.
2. Nyunyiza maji mlangoni kabla ya kufagia.
3. Ushungi au nikabu puani huzuia vumbi kubwa, lakini zile chembe ndogo hupita. Usiutegemee peke yake.
4. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta, hata wiki ya harusi. Na chetezo cha udi na ubani kisifukizwe chumbani kwake madirisha yakiwa yamefungwa, maana huo nao ni moshi.
5. Kikohozi kikizidi wiki 2, nenda hospitali. Usikiite vumbi tu.

Na mabibi harusi, msafara wenu ukisimama kupiga picha, waambieni madereva wazime injini. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Moshi nao unaudhi, na wanaouvuta ni wauza ndizi na watoto walio pembeni.

Allah atujaalie afya na ndoa zenye kheri. Amin.